Nilimwonea wivu fundi wa Kibondo, nikazungusha distributor aliyoiseti yeye

Mwakeye wakuu.

Mimi ni fundi wa magari ya petroli ya zamani, niko Kasulu, huu mwaka wa kumi na nane. Ninachoandika nilikifanya mwenyewe, sijaongeza chumvi. Mtakaotaka kunisema mniseme, ila malizeni kusoma kwanza.

Kuna mstaafu mmoja wa Titye, wote tunamwita Mwalimu. Ana Land Rover 109 ya petroli, anabebea maharage yake. Gari hiyo nimeihudumia mimi tangu naanza ufundi. Mtu akiuliza gereji yangu anaambiwa, "kwa yule wa Land Rover ya Mwalimu."

Mwaka jana ikaanza kumiss, injini inakatakata. Nikabadili plagi, pointi, kondensa, wapi! Kumbe distributor yenyewe, ile inayogawa moto kwenye plagi, shafti imelegea, inacheza.

Mwalimu akatafuta nyingine, nikaifunga. Taiming, yaani wakati wa plagi kutoa moto, nikaseti kwa sikio kama siku zote: unawasha injini, unazungusha distributor kidogo kidogo mpaka mlio ukae vizuri, unakaza nati.

Haikukaa. Nikarudia mara tatu. Mlimani inakohoa tu.

Siku moja Mwalimu akapita gereji anacheka. Injini imetulia kama cherehani.

"Kuna fundi Kibondo anaitwa Sadiki," akaniambia. "Kaiseti kwa saa moja. Na hata hakuiwasha wakati anaseti!"

Wakuu, nilitabasamu, lakini ndani niliungua.

Nikaanza kumchunguza huyo Sadiki. Kila anayetoka Kibondo namuuliza habari zake. Nikafurahi kusikia gereji yake haina hata paa. Nikaumia kusikia magari yanapanga foleni. Namba yake niliipata, nikawa naangalia status zake za WhatsApp kama mtu anayemfuatilia mchumba aliyemwacha.

Baada ya wiki kadhaa Mwalimu akaniletea gari nibadilishe oili, kisha akaenda sokoni.

Boneti iko wazi, niko peke yangu. Nikalegeza nati, nikaizungusha distributor kidogo ili moto uwahi, nikakaza.

Hesabu yangu ilikuwa ndogo tu: injini igongegonge ikipanda mlima, Mwalimu aone kazi ya Sadiki haidumu, anirudie.

Sasa wasiojua hizi gari: 109 ina hendeli ya kuwashia kwa mkono mbele. Moto ukiwahi kupita kiasi, injini inaweza kurudi nyuma ghafla wakati umeishika hendeli.

Hilo nalijua vizuri. Siku ile wivu ulinisahaulisha.

Kesho yake asubuhi betri ya Mwalimu ilikuwa imechoka, akapiga hendeli. Ikarudi. Ikamvunja mkono wa kulia, juu kidogo ya kiganja.

Nilipopata habari nikaenda kwake Titye, nikamkuta ametoka hospitali na plasta. Akasema, "Huyu Sadiki kaniharibia gari." Mimi nikajibu, "Hawa mafundi wa siku hizi, Mwalimu." Ndiyo, nilisema hivyo, namwangalia usoni.

Mwalimu alishampigia Sadiki simu. Mchana Sadiki akatokea na basi, kijana mwembamba, mfukoni ana balbu ndogo yenye waya mbili. Akafungua boneti, akainama.

"Hapa niliweka alama ya msumari," akasema. "Imesogea. Kuna mtu kaigusa."

Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama karibu naye zaidi.

Akaanza upya. Akazungusha injini kwa mkono mpaka pistoni namba moja ikafika juu, valvu zote mbili zimefunga, alama ya puli imekaa mahali pake. Akahakikisha rota inatazama waya wa plagi namba moja. Akaunga balbu, waya mmoja kwenye distributor, mwingine kwenye bodi, akafungua swichi. Akazungusha distributor taratibu. Balbu ilipowaka tu, yaani pointi zimeanza kuachana, akakaza nati.

Ikawaka mara moja. Miaka kumi na minane, wakuu, sikuwahi kufundishwa hicho kitu.

Mwalimu hakuiamini habari ya alama, Sadiki akarudi kwao analaumiwa. Mimi nikarudi kwangu nimeshinda, lakini ile alama ya msumari haikunitoka kichwani.

Siku ya nne nikaenda Titye nikamwambia Mwalimu yote. Akasema, "Mpigie. Hapa, mbele yangu, weka spika."

Nikapiga. Nikajieleza, nikamwomba Sadiki msamaha. Nilitegemea matusi, na nilikuwa nayataka.

Sadiki akauliza, "Mwalimu mkono unaendeleaje?"

Mwalimu akajibu unapona. Sadiki akasema, "Alhamdulillah," akaaga, akakata.

Na hapo hapo, wakuu, mbele ya mzee niliyemvunja mkono, nikamwonea wivu tena. Safari hii kwa moyo wake.

Mkono umepona ila kupiga hendeli Mwalimu hawezi tena. Land Rover inapita mbele ya gereji yangu kwenda Kibondo kwa Sadiki. Mwalimu huwa ananipigia honi. Hasimami.

Nilichojifunza: ufundi wa mwenzako unakuumiza pale unapoona aibu kumuuliza. Ningepanda basi siku ile ile nikamwambia Sadiki nionyeshe, mzee wa watu angekuwa na mkono wake mzima.

Nimemaliza. Kama na wewe uliwahi kuharibu kazi ya mtu kwa wivu, tuambie hapo chini ulitokaje. Na wenye matusi, uwanja ni wenu, nitayasoma yote.