Reli Sebuleni kwa Mama Lishe

Kazi niliyoitiwa ilikuwa kupaka milima rangi. Fundi alinikuta stendi ya Buzuruga nikibeba mizigo, akaniuliza, "Unajua kushika brashi?" Nikasema najua. "Basi Jumatatu njoo Mkuyuni, kuna milima inanisubiri." Mtu aliyeacha shule darasa la sita hachagui sana kazi, lakini si shida iliyonipeleka. Nilitaka kuona mlima unapakwaje rangi.

Karakana yake ilikuwa banda la mabati jirani na njia ya reli. Ndani kulikuwa na meza ndefu kama vitanda viwili vilivyounganishwa, na juu ya meza ulikuwepo mji wetu kwa udogo: ziwa upande huu, Misungwi upande ule, na katikati reli ndogo iliyoshikwa kwa pini, mataruma yake njiti za kiberiti. Treni ilikuwa ya dukani, inatembea kwa betri. Aliyeagiza yote hayo ni mwenye shule fulani huko Misungwi, na alikuwa anakuja kuyachukua Jumamosi.

"Mwenye shule ana treni ya nini?" nikauliza.

"Ya kufundishia."

"Kufundishia nini?"

Fundi akanipa msasa. "Kusugua."

Nikaanza kumshuku siku hiyohiyo. Kwenye simu yake alikuwa na picha za mtaa mzima, amezipiga kutoka juu ya majabali. Tena mtu akisimama tu mlangoni, alifunika kona moja ya meza kwa shuka. Alisema anazuia vumbi. Vumbi gani linalochagua kona?

Na mtaa wenyewe haukuwa na usingizi. Tangu reli mpya ianze kujengwa, mtu akipita na kamba ya kupimia anasalimiwa kwa heshima kuliko shehe. Ukienda dukani kununua rangi nyekundu unaulizwa ya kazi gani, kwa sababu kila mtu anajua alama nyekundu ikichorwa ukutani kinachofuata ni tingatinga. Mimi nilinunua ya kupaka paa la msikiti mdogo kwenye meza, na muuzaji alinitazama mpaka nikapotelea kwenye kona.

Kazi nayo ilinivuta. Unga wa mbao ukichanganywa na rangi ya kijani unakuwa majani. Majabali yalikuwa vijiwe halisi vya hukohuko mlimani, lakini fundi alinilazimisha kuvipaka rangi.

"Jiwe si tayari ni jiwe?"

"Likiwa dogo halifanani na likiwa kubwa. Paka."

Chakula cha mchana alituletea mama mmoja aliyekuwa akipika wali na dagaa kando ya barabara, mbele ya nyumba yake. Nyuma ya nyumba alikuwa amepanga matofali ya vyumba viwili, ameyakusanya kidogo kidogo tangu mumewe afariki, na mwashi alikuwa aanze msingi wiki hiyo. Jumatano aliingia na hotipoti mkononi, akatafuta pa kuiweka, akasogeza shuka. Akaifuata reli kwa kidole.

"Fundi," akasema, "hapa ni kwa nani?"

"Wapi, mama?"

"Usiniulize wapi. Jirani yangu huyu, bati la bluu. Msikiti huu. Bomba la maji hili. Mimi niko wapi?"

Nikainama kutazama. Pale palipotakiwa kuwa na nyumba yake ilipita reli.

"Mama, hiki ni kichezeo tu."

"Kichezeo kimeliona bomba, mimi hakikuniona?"

Akatoka bila kupakua. Jioni tukasikia amempigia mwashi asije. Kesho yake asubuhi majirani wakawa wanakuja mmoja mmoja na visababu. Wa bati la bluu alikuja kuazima nyundo. Akajiona mezani bado amesimama, akatabasamu, akaondoka bila hiyo nyundo.

Mchana mama akanishika mkono pale barabarani. "Wewe mwanangu unashinda humo ndani. Kuna nini?"

Nikaenda kumuuliza fundi mwenyewe. Nilidhani atanifukuza. Badala yake aling'oa pini, akairudisha reli kwenye mstari wa penseli aliouchora mwanzo, akawasha treni. Ilipofika kwenye kona ikalala chali juu ya bati la bluu. Akarudia. Ikalala tena.

"Reli ya kweli inapinda taratibu, ina nafasi. Mimi nina meza. Kona ikiwa kali treni inadondoka. Nikaipanua kona, reli ikapita kwa mama."

"Na shuka?"

"Nilikuwa bado naijaribu. Watu wangekuta treni inadondoka, nani angeniletea kazi tena?"

"Kwa nini hukuipitisha upande wa msikiti?"

"Wewe ungevunja msikiti?"

Nilimwamini mpaka nilipokwenda kulala. Nikiwa nimejilaza nikaanza kujiuliza: na zile picha zote, alimwonyesha nani mwingine?

Ijumaa tulimwita mama. Akatazama treni ikidondoka, mikono kiunoni.

"Rudia."

Fundi akarudia.

"Kwa hiyo nyumba yangu imevunjwa ili kidude hiki kisianguke."

"Ndiyo, mama. Samahani."

"Ungeniuliza." Akanigeukia. "Na wewe, unaamini haya?"

"Naamini."

"Ungekuwa mimi, ungejenga?"

"Ningejenga." Nilijibu haraka, kama mtu ambaye hajawahi kujenga hata banda la kuku.

Fundi akairudisha reli ilipokuwa, akaniambia nimtengenezee mama nyumba ya boksi, tukaigundisha juu ya majabali kwa sababu bondeni hapakuwa na nafasi. Mama akaikagua. "Sasa mmenipeleka nikakae na pimbi wa majabalini." Lakini hakucheka.

Jumamosi mwenye shule akaja na pikapu. Akasifu ziwa, akasifu milima yangu, kisha akachuchumaa akapiga picha kona ile ya reli tu. Sikujua kwa nini kona ile. Mama naye alimwona, maana alikuwa amesimama mlangoni na mwiko wake.

Pikapu ilipoondoka mama akanifuata na jembe.

"Ulisema ungejenga."

Kamba za msingi zilikuwa bado zimefungwa kwenye vigingi. Akaleta kigoda, akakaa, akanielekea. Hakutazama shimo. Alinitazama uso.

"Haya, chimba."

Nikachimba. Udongo ulikuwa changarawe tupu. Kila gari lilipopunguza mwendo barabarani nilitamani kugeuka nione kama ni wapimaji wa reli, na kila mara nikajizuia, kwa kuwa nilijua nikigeuka tu atanyanyuka na kigoda chake na matofali yatabaki pale mpaka yaote majani. Shati lilinigandia mgongoni. Nilipomaliza upande wa kwanza akatoa simu, akampigia mwashi huku bado ananitazama.

"Jumatatu njoo," akamwambia. "Kuna mtu ameshaanza."