Mwalimu wa Mbale Aliyejua Siri Zote za Mungu

Niliondoka Bungoma kwa sababu dada yangu Nekesa alifiwa na mwanawe Wafula, na tangu mazishi alikataa kabisa kuingia kanisani. "Mungu anieleze kwanza," aliniambia kwa simu.

Malaba nilivuka mpaka wa Uganda bila shida, na alasiri nikafika Jinja. Nekesa ameolewa Mafubira, pembeni mwa mji huo, na huuza mukene, vile visamaki vidogo vya ziwani, anavyonunua kwa wavuvi ufukoni Masese. Nilimkuta akifua sare za shule za mtoto aliyekwisha kuzikwa. Homa ilimmaliza Wafula kwa siku moja: asubuhi mzima, jioni maiti.

Nekesa alikuwa amesikia habari za mwalimu mmoja huko Mbale, anayefafanua "siri zote za Mungu." Nikacheka. Yeye hakucheka. Kesho yake tukapanda basi.

Mbale, ukumbi ulikuwa juu ya duka la jumla la sabuni. Mwalimu alivaa suti ya kung'aa, akasimama mbele ya ubao mweupe. Alianza na Utatu: akachora yai, ganda na ute na kiini, kwa majivuno ambayo ungedhani ndiye aliyelitaga. Ufufuo aliumaliza upesi kuliko alivyoufuta ubao.

Nekesa akasimama. "Mwalimu, mwanangu alikufa kwa homa. Kwa nini?"

Hakuuliza hata jina la mtoto. "Mama, hiyo iko rahisi sana," akasema huku akichora mishale. "Ni dhambi ya baba, ama imani ndogo ya mama, ama Mungu aliona huyo mtoto atakuwa mwizi. Chagua."

Chagua! Kama muuza mitumba.

Nekesa akaenda mbele, akavua kitambaa cha kichwa, akaufuta ubao wote, akatoka. Nikamfuata.

Mtaa wa pili palikuwa na kanisa, na padri mzee alikuwa akifungua madirisha. Nekesa akamwuliza swali lile lile.

Padri akaketi kwenye benchi. "Alikuwa anaitwa nani?"

"Wafula."

"Mimi sijui, mama. Nimezika watoto mingi, na bado sijui. Naamini huyo mtoto iko na Mungu. Kwa nini aliondoka, sijui."

Nekesa akalia kwa sauti, kisha akapiga magoti. Sikumsikia akiuliza kitu.

Nilirudi nyumbani kupitia Tororo. Walimu wa namna ile wamejaa hata kwetu, na watu wanawashangilia. Mimi nimejifunza hili: Mungu anayeeleweka kabisa kabla ya chakula cha mchana hastahili kupigiwa magoti.