Kengele Iliyochelewa

Kompyuta ya kwanza shuleni kwetu, upande wa Tetu, haikuwa na wa kuiendesha ila mimi, mwalimu wa hesabu wa Kidato cha Nne. Ningeweza kuridhika na programu zilizokuja nayo. Wapi! Niliandika kerneli yangu mwenyewe, ule moyo wa mfumo unaotawala mashine nzima, nikavuta waya hadi kengele ya umeme ili ijipige bila mkono wa mtu. Kilikuwa kiburi kitupu, na mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Kengele ikaanza kuchelewa, asubuhi kidogo, jioni sana. Siku ya mtihani wa majaribio watahiniwa wetu waliongezewa dakika wasizostahili, shule jirani zikalalamika, matokeo yakafutwa. Mwalimu mkuu akanisimamisha mbele ya wanafunzi wote gwarideni.

"Huyu ndiye ameharibu mtihani yenu," akasema. "Mwalimu, kuanzia leo wewe ndio kengele. Darasa nitakurudishia siku hiyo mashine yako itapatana na saa yangu wiki mzima."

Wakacheka. Nilimchukia yeye, nikawachukia nao, hata wale niliowapenda. Nikawa nagonga kipande cha reli kwa nyundo kila kipindi, na shemeji yake mwalimu mkuu akashika darasa langu, ati kwa muda tu.

Kila nilipomaliza kugonga nilirudi kutafuta kosa. Ndani ya kompyuta kuna saa ndogo inayoikatiza kerneli tena na tena: acha unachofanya, hesabu pigo moja. Mapigo mengine yalikuwa yanapotea. Ili nijue wapi, niliiamuru kerneli iandike kwenye disketi kila ilichofanya. Ikazidi kuchelewa. Nikaiamuru iandike zaidi, ikachelewa zaidi, nami nikaipiga meza ngumi mpaka mkono ukavimba.

Kisha disketi ikaharibika. Nikaiacha mashine iende bila hiyo, na kutwa nzima saa haikukosea. Hapo nikaelewa, nikajitukana kwa Kikuyu. Kila ilipoandika kwenye disketi, kerneli ilikuwa inajifungia mlango isikatizwe na yeyote, hata na saa. Na tangu mwanzo niliiagiza iweke humo kumbukumbu ya kila kengele. Uchunguzi wangu ulizidisha ugonjwa uleule. Nikafuta uandishi wote.

Wiki nzima mashine ikapatana na saa ya mwalimu mkuu. Ijumaa akaja mwenyewe, akatazama mkono wake, akatazama kioo cha kompyuta, akatabasamu.

"Ati umeitengeneza? Vizuri sana."

Nikamwomba darasa langu.

"Darasa iko na mwalimu," akasema. "Na kengele sasa iko na mashine. Wewe sasa, mwalimu, uko na kazi gani hapa kwangu?"

Kabla sijajibu kengele ikalia, kwa wakati wake hasa, na wanafunzi wangu wakanipita mbio mlangoni, wasichelewe kwa shemeji.