Tanuru la Pelagia na Dirisha la Bluu

Saa nne na nusu asubuhi, Bweri, mjini Musoma. Kuni zimeshapangwa kwenye midomo ya tanuru na kiberiti kiko mkononi, lakini Pelagia Mugeta hawashi. Anachota vumbi, analiachia taratibu, anatazama linakoelekea. Mara ya kwanza linaanguka palepale miguuni. Anangoja. Mara ya tatu linapeperuka kuelekea mashambani.

"Haya, ziwa limeamka," anasema, na ndipo anawasha.

Pelagia, mwenye miaka 51, anafyatua na kuchoma matofali huu mwaka wa kumi na tisa. Nyumba nyingi mpya za Bweri zilipita mikononi mwake zikiwa bado udongo.

Chini ya mwinuko wake, bondeni kati ya majabali, anaishi jirani yake Mwanaupe, muuza vitenge mwenye pumu. Dirisha lake la bluu linaonekana vizuri kutoka kwenye tanuru. Makubaliano yao ni mepesi: dirisha likiwa wazi, Pelagia achome. Likifungwa, maana yake moshi umemfikia, na moto usimamishwe hata kama matofali yataharibika.

Yote yalianza Julai iliyopita. Pelagia aliwasha tanuru jioni, kama wachomaji wengine.

"Jioni kuna ubaridi, na rangi ya moto unaiona vizuri. Sisi tulikuwaga tunawasha jioni tu," anasema. "Mimi nilijua moshi ukishapanda umeenda zake. Kumbe!"

Kumbe kiangazi kina mambo yake. Jua likizama, upepo wa ziwani unatulia, hewa ya baridi inateremka kutoka vilimani na kujaa bondeni, na moshi unateremka nayo. Mvua ya kuuosha hakuna. Ongeza vumbi la barabara na nyasi zinazochomwa mashambani mpaka Guta kule Bunda, asubuhi unaamka bati la jirani hulioni. Alfajiri ile Mwanaupe alikimbizwa hospitali kwa bodaboda, hawezi hata kutaja jina lake.

"Nilikaa nje ya wodi nanuka moshi," Pelagia anasema. "Mtu aliyenibebea mwanangu Debora mgongoni! Niliona aibu, jamani."

Mwanaupe hakumshtaki popote. Alipotoka hospitali alisema tu, "Mama Debora, mimi sihami. Tafuta akili nyingine."

Akili aliipata kwa kuachia vumbi asubuhi na jioni, miezi mizima. Masika hewa ni safi, ila matofali hayakauki. Kiangazi yanakauka, ila hewa inakwama. Basi anachoma kiangazi, lakini anawasha mchana, wakati upepo wa ziwani unasukuma moshi juu ya majabali kwenda kusiko na nyumba. Tanuru nalo amelipunguza kutoka matofali elfu kumi na mbili hadi elfu nne, ili moshi mzito wa mwanzo uishe kabla jua halijazama.

Gharama yake haikuwa ndogo. Kwa kila tofali, tanuru dogo linakula kuni kuliko kubwa, na msimu uliokuwa unamwachia milioni mbili sasa unamwachia milioni moja na kidogo. Wachomaji wenzake wanamwita mtabiri wa hali ya hewa. Anawaacha wacheke.

Leo mambo yanakwenda vizuri mpaka saa kumi alasiri. Pelagia anainua macho: dirisha limefungwa.

Anazoa tope kwa mikono miwili na kuziba mdomo wa kwanza. Mwenzake wa kazi, Yuliana, anajishika kichwa.

"Mama Debora, yameiva upande mmoja tu! Na moshi si ule unaenda juu?"

"Dirisha limefungwa, Yuliana. Lete tope."

Dakika kama ishirini baadaye Mwanaupe anapanda mwinuko polepole, ushungi kichwani, chupa ya chai ya tangawizi mkononi. Anatazama tanuru lililozibwa.

"Mbona umezima?"

"Si umefunga dirisha, Mama Hamduni?"

"Yarabi! Nimefunga niswali, bodaboda zinanipigia honi." Anaketi juu ya matofali. "Yaani umezima moto wako wote?"

"Tulikubaliana."

Mwanaupe anajifuta macho kwa ncha ya ushungi. Kisha anaanza kucheka, Pelagia naye anacheka. Yuliana hacheki.

Wakinywa chai, Pelagia anaeleza mpango wake. Ana shamba la urithi Buswahili, wilayani Butiama, juu mgongoni mwa kilima, upepo mchana kutwa na nyumba hakuna. Akijaliwa misimu miwili mizuri, atahamishia tanuru huko.

"Nenda, mimi nipumue," Mwanaupe anasema. "Lakini huko utakuwa unamtazamia nani?"

Pelagia anageuza kikombe mkononi.

"Jamani, tufungue, makaa yanakufa," Yuliana anasihi. "Mwenyewe si yupo hapa, anatuambia hana shida?"

"Mpaka nione dirisha," Pelagia anasema.

Mwanaupe anaacha chai yake nusu, anateremka. Wanamtazama akivuka majabali, akiingia ndani. Bawa la kwanza la dirisha linafunguka, kisha la pili, na mkono unatokea ukipunga.

Pelagia anabomoa tope na kusukuma gogo ndani.