Ufa wa Jikoni kwa Mjane

Kila Jumatano mpima ardhi mmoja alikuwa akienda nyumbani kwa mjane. Mkewe, mshonaji, alijua sababu. Mpasuko wa ardhi, ule unaoleta matetemeko, ulipita chini ya jiko la mjane yule, na pini za chuma zilipigwa sakafuni pande zote mbili za ufa ili ijulikane ardhi inasogea kiasi gani. Alijua, lakini roho ilimuuma. Jumatano moja akajitanda mtandio, akafuatana naye.

Mjane aliwapokea vizuri. Mpima akalala kifudifudi, akaweka kipimo kati ya pini, akasoma milimita. Mke hakuona baya. Kisha mume akainuka, akafungua kabati bila kuuliza, akatoa kikombe kilichofichika nyuma ya vingine.

Mke akakikazia macho kikombe kile. Nyumbani mtu huyuhuyu huuliza, "Mama watoto, vikombe viko wapi?"

"Dada, nikutilie chai?" mjane aliuliza.

"Asante, nimekunywa." Akamgeukia mumewe. "Baba watoto, nifundishe kusoma hicho kidude."

"Cha nini tena?"

"Nifundishe tu."

Akafundishwa palepale, magoti sakafuni. Tangu hapo mume hubaki uani akishughulika na antena ya setilaiti, ambayo nayo hupima msogeo wa ardhi, na mke huingia jikoni kupima. Siku hizi chai ya mjane anakunywa, na wamezoeana hadi wanataniana. Lakini mume akisogea mlangoni kuuliza ufa umepanuka kiasi gani, mkewe humjibu upesi, asipate sababu ya kuingia.