Makubaliano Niliyoyakata Kola

Mjukuu wangu ananisumbua niandike habari hii, utadhani sina nguo za watu za kumaliza. Herufi nimejifunza ukubwani, na miwani yangu imebaki kioo kimoja. Haya, naandika. Lakini asinisahihishe.

Mimi ni fundi cherehani. Baba wa binti yangu alikuwa seremala, watu wakimwita Ngongoti kwa urefu wake. Tuliachana binti akiwa na miaka mitano. Jirani akatuandikia makubaliano pale dukani kwangu, kwenye karatasi ya kaki ninayochorea vielezo vya nguo: Ngongoti atatoa matunzo na ada ya shule. Mpaka lini? Yeye hakuuliza. Ni mimi niliyejitia kiburi.

"Andika mpaka mtoto afikishe miaka kumi na miwili. Baada ya hapo sitaki chake hata kibanzi!"

Yeye akaweka sahihi, mimi dole gumba.

Alitimiza, simsingizii. Kisha binti akafaulu kwenda sekondari, nikamfuata karakanani.

"Baba binti, mtoto amefaulu. Ada imepanda."

Akapuliza vumbi la mbao kwenye randa. "Mama binti, kumi na miwili ametimiza juzi. Nani alisema hataki hata kibanzi?"

Mafundi wenzake wakaangua kicheko. Nikatoka pua juu. Machozi niliyazuia mpaka nilipokata kona.

Nyumbani nikakuta binti ameshajishonea sketi ya sare, ameitundika mlangoni. Sketi ile ndiyo iliyonipeleka mahakamani.

"Makubaliano yako wapi?" karani akauliza.

Nikatoa kwenye mkoba mkono mmoja, kola moja na kipande cha mgongo. Kusoma wakati ule sijui, karatasi nzuri imekaa bure, nilikuwa nimeikata kielezo cha gauni la mtoto. Nikaviunganisha kwa pini mezani pake.

"Mama, hii ni kesi au gauni?"

"Wewe soma. Fundi ni mimi."

Hakimu, mwanamke niliyemzidi umri, akasoma akifuata pini. "Karatasi hii ni ahadi yenu wawili. Haikupita mahakamani, kwa hiyo siwezi kumbana mtu nayo kama amri."

Ngongoti, aliyeitwa na mahakama, akatabasamu.

"Usicheke, baba, na wewe haikukingi. Hii miaka kumi na miwili aliitaja nani?"

Nikainua mkono. Jamani, ulikuwa mzito!

"Mama, haki yako unaweza kuikataa. Ya mtoto si yako kuikataa."

Nikaushusha mkono wangu polepole. Ngongoti naye akainamisha kichwa.

Hakimu akaandika upya: matunzo na ada mpaka mtoto amalize shule. Akagonga mhuri. "Sasa hii ni amri. Asipotoa, njoo hapa, si karakanani."

Nje Ngongoti akaniambia, "Kichwa chako fundo la mbao, hakipigiki randa."

"Ndiyo maana ulishindwa kazi."

Tukacheka wote wawili. Wiki ile ile akamletea binti sanduku la shule, la mbao nzuri, lenye kitasa. Ada hakuchelewesha tena. Binti leo ni mhandisi wa maji, na huyu mjukuu msumbufu alivaa gauni la kielezo kile kile.

Sasa wewe unayesoma, kama una karatasi ya namna hiyo chini ya godoro, inuka uitoe, uipeleke mahakamani ikagongwe mhuri. Ukitoka huko pita dukani unieleze. Na usije mikono mitupu: niletee kioo cha pili cha miwani.