Onyo la Manjano
Pale karakana ya kompyuta walimwita Bi Breki, na jina likamkaa kama nguo ya kushonewa. Kazi yake ilikuwa kuandika kiini cha mfumo, ile programu ya chini kabisa inayozigawia nyingine zote kumbukumbu ya mashine kwa vipande viitwavyo kurasa. Popote alipohisi kosa laweza kutokea, liwe dogo liwe kubwa, aliandika amri moja: simama. Mashine nzima izime, ianze upya.

"Bi Breki, bomba likivuja kwako unabomoa nyumba?" aliuliza mkuu wa karakana, mama wa makamo mwenye ulimi mwepesi.

"Bora izime kuliko idanganye, mama."

"Sawa, ikiwa hakuna njia. Lakini kosa linaloweza kukwepwa? Onya, tenga ukurasa mbovu, kazi iendelee. Kumbuka kiini hiki kinakwenda hospitali, kwenye vitanda vya joto vya vichanga."

Bi Breki alinuna, kisha akaketi kuzipitia amri zake moja moja. Zilizostahili aliziacha, nyingine akazigeuza kuwa maonyo. Hata hivyo moyo haukumtulia: mashine iliyojeruhiwa yaaminika vipi?

Miezi ikapita, mdogo wake akajifungua kabla ya wakati. Alasiri moja Bi Breki alikuwa amesimama kando ya kitanda cha joto, mpwa wake akilala ndani ya kioo, mstari wa manjano ulipojitokeza kwenye skrini: "Onyo: ukurasa wa kumbukumbu umeharibika. Umetengwa. Kazi inaendelea."

Aliusoma mara ya pili, asibanduke. Ukurasa ule ulibeba nakala ya picha ya skrini tu. Mfumo ulikuwa umeuweka kando usiguswe tena, ukaisoma picha upya kutoka diskini. Kwa amri yake ya zamani, joto lingekatika mpaka mashine iamke. Sasa kipimo cha joto hakikutikisika hata nukta.

"Mbona umeganda, mama mkubwa?" mdogo wake alimtania. "Au mtoto anakutisha kwa sura aliyorithi kwako?"

"Natazama tu."

Alitazama kweli. Kitu kilikuwa kimeumia, kikasema ukweli wake kwa mstari mmoja, na mtoto hakikumwachia. Ndani ya kioo mpwa alipiga mwayo, akakunja ngumi, akaendelea na usingizi wake.

Alimwita muuguzi, kisha akampigia simu mkuu wa karakana.

"Lile bomba limevuja, mama. Nyumba imesimama."

"Vizuri. Sasa tafuta fundi abadilishe bomba."